Ile Kelele Haikutoka kwa Asumani

Clarisse,

Salamu nilishakupatia asubuhi kwa mudomo, hapa sitarudia. Habari ya safari pia sitarudia. Tantine Véro alishakuambia juu ya dawa ya malaria, juu ya wezi wa bateau kwenye mto, juu ya kulala na sac chini ya kichwa. Papa yako alikuambia juu ya masomo. Shangazi wako wa Lubunga alikuambia juu ya wanaume, na vile mimi namujua, alikuambia mara tatu. Yote iko sawa. Mimi niko na hasira, na mutu wa hasira hafai kufunga sanduku ya safari. Uliona vile nilikuwa nakunja nguo zako leo asubuhi, ni kama nilikuwa nazipiga. Ndiyo maana nimerudi huku kazini, kwenye redio. Misa ya jana iko inapita hewani, ni ndefu, hakuna mutu atanigongea mulango ya studio mpaka iishe.

Naandika sababu kwa mudomo nitaharibu. Unanijua. Nitaanza muzuri, halafu nitapandisha sauti, halafu weye utasema "ndiyo, Mama" na ile sauti yako ya kufunga mulango, halafu tutakula. Miezi saba tumekula hivyo. Nimechoka.

Hasira yangu haiko juu ya safari. Nenda. Kama ningekuwa na miaka yako, ningekuwa nilishapanda ile bateau tangu juzi. Hasira yangu iko juu yangu mwenyewe, kidogo iko juu ya Directeur, na kidogo, nakuambia ukweli, ilikuwa juu yako. Hiyo ya mwisho sina haki nayo. Lakini ilikuwepo, uliiona, na sitaki uende Kinshasa na kufikiri ulikuwa unaota.

Jana, kwenye chakula ya kukuaga, wakati watu walikuwa wanafungua liboke ya samaki na kukata kwanga ya muhogo, Shangazi alikuuliza mbele ya wote ni nani alikupatia roho ya kusomea électronique, weye mutoto mwanamuke. Uliniangalia. Hukuangalia mutu mwingine. Halafu ukajibu: "Sijui, Shangazi." Watu wakacheka, wakasema basi ni Mungu. Mimi nikaenda jikoni na sahani yenye haikuwa hata chafu. Ile "sijui" yako naijua vizuri. Ni mimi nilikufundisha.

Alors, acha niseme yote tangu mwanzo, hata yenye unajua, sababu unaijua upande yako tu.

Wakati niliingia hii redio, weye ulikuwa bado mugongoni. Nilikuwa mwanamuke mumoja tu kwenye technique, kati ya mashine na umeme. Wanaume walikuwa wanasema mbele yangu, bila hata kujificha: mwanamuke na courant, wapi na wapi. Mumoja tu hakusema. Ni Tonton Asumani, mutu wa Kindu, mwenye alikuwa anashika console, ile meza ya kuchanganya sauti, kabla ya sisi wote. Yeye alinipatia fer ya kuchomelea mukononi siku ya kwanza, akakaa pembeni yangu na chai yake. Nilichoma câble. Nilichoma kidole yangu. Siku moja nilichoma suruali yake ya Ijumaa, ile ya kwenda nayo muskitini, na bado hakupandisha sauti. Aliniambia: "Endelea kuharibu, Georgette. Afadhali uharibu mbele yangu kuliko uharibu nyuma yangu." Aliivaa ile suruali na kiraka mpaka ikaisha.

Ni yeye pia alipiga chuma kwenye udongo nyuma ya studio, ile piquet ya terre, na kuvuta waya kutoka pale mpaka kwenye console. Unakumbuka ulikuwa unamuona na ndoo. Kila Ijumaa ya kiangazi, mbele ya kwenda kuswali, alikuwa anamwangia ile chuma maji, sababu udongo ikikauka sana haimezi tena uchafu ya courant. Walinzi walikuwa wanamucheka, wanamuuliza ile chuma itazaa lini. Yeye anawajibu kwamba imeshazaa, kwani hamusikii redio?

Na wakati nafasi ya chef technique ilikuwa wazi, ni yeye alienda kusema kwa Directeur wa zamani kwamba wamuweke Georgette, yeye ameshazeeka. Hivyo ndivyo nilikuwa chef. Watu wanafikiri nilipigana. Sikupigana na mutu. Nilipewa na mutu mwenye alikuwa na haki ya kuichukua.

Tangu hiyo siku nilijiwekea sheria moja ya kijinga, na nataka uisikie vizuri sababu na weye unaenda kukaa katikati ya wanaume na fer mukononi. Nilijiambia: mimi sitakosea tena. Sikusema nitafanya kazi muzuri, au nitajifunza. Nilisema sitakosea, sababu wale wenye walisema "wapi na wapi" walikuwa bado pale, wananingojea. Kila kitu iliharibika hapa, nilikuwa nimeshapata mutu wa kulaumu mbele hata sijafungua vis moja ya mashine. Operateur. Mulinzi. Mutu wa groupe, ile mashine ya mafuta yenye inatupatia courant. Mvua. Miaka mingi nilikuwa chef hivyo na watu walisema Mama Georgette ni mukali, anajua kazi. Bon. Mukali, ndiyo.

Basi ordinateur, kompyuta, ilikuja. Wafadhili walituma mupya, na chargeur yake ilikuwa na fiche ya miguu tatu. Prise ya ukuta yenye ilikuwa karibu na meza yangu iko na matundu mbili. Tonton aliniambia tungoje siku moja tu, ataleta rallonge, waya ndefu, kutoka upande ya console, kule kwenye terre, ili mashine zote mbili zikunywe pahali pamoja. Nilimujibu hatuna wakati. Nikachukua pince, nikakata mguu ya tatu. Tac. Ikaanguka chini ya meza.

Na niambie, Kisangani muzima, ni nani hajakata mguu ya tatu? Frigo yetu iko na miguu mbili. Pasi ya Shangazi iko na miguu mbili. Tunakata sababu prise ndiyo hiyo tuko nayo, na taa inawaka, na hakuna mutu anakufa siku hiyo. Tonton aliangalia ile fiche, akasema tu: "Weye ndiye chef." Akaenda kunywa chai yake.

Mwanzo hatukusikia kitu, sababu ordinateur ilikuwa ya kuandika barua tu. Ni kisha Noël ndiyo nilichukua câble ya USB nikaifunga na console, ili muziki na matangazo ipite moja kwa moja. Hapo ndipo kelele ilianza. Ziiii. Unaikumbuka. Nyembamba, kama mbu ameingia ndani ya sikio na hatoki. Mimi nilikuwa naisikia na nilikuwa nasema itapona. Watu wa mji walivumilia. Watu wa chini ya mto hawakuvumilia, sababu kule sauti inafika tayari imechoka, na mbu ndiyo inafika mbele ya maneno.

Januari mwanamuke mumoja wa Yanonge, kule chini ya mto, akakuja. Hukumuona, ulikuwa masomoni. Alikuja na kitunga ya samaki ya kukaushwa kichwani, akaiweka hapa kwenye kizingiti ya studio. Alisema kwao, saa ya communiqué, watu wanakaa karibu na redio, sababu ndiyo njia yao ya kujua nani amekufa hapa mjini, nani amezaa, bateau gani inapakia. Alisema tangu Noël wanazima, masikio inauma. Shemeji yake alikufa hapa hospitalini. Communiqué ilipita siku mbili, ni mimi niliipitisha, niko na karatasi yake. Yeye hakusikia kitu. Alipanda na samaki yake kuja kuuza kama siku zote, akakuta wamemuzika na hata viti ya matanga imesharudishwa kwa wenyewe.

Hakulia. Aliuliza tu: "Ni nani hapa anatengeneza sauti?"

Na mimi, chef technique, nilinyoosha kidole. Nilimuonyesha Tonton Asumani. Kidole ya mukono hii yenye iko inaandika. Na Tonton alisimama, akaweka mukono kwenye kifua, akamuomba ule mama pole na msamaha, kwa kitu yenye hakufanya. Nilikuwa pale. Niliangalia.

Kisha hapo alianza kutafuta. Siku yake ya kupumuzika, Posho, yaani Jumamosi, alikuja peke yake, akafungua console ili aone kama kuna waya imechoka. Mimi niliingia nikakuta vis zote ndani ya sahani ya chai na tumbo ya console iko wazi. Nilikasirika, Clarisse. Si juu ya console. Nilikasirika sababu alifungua bila kuniuliza, ni kama alikuwa anawaambia watu kwamba yule mwanamuke hawezi. Hakuwa anaambia mutu kitu. Alikuwa anatafuta mbu.

Wageni wa wafadhili walikuwa wanakuja ile juma. Directeur alitaka rapport, na alitaka jina ndani ya rapport. Hakutaka sababu, alitaka jina, na hasira yangu juu yake ni hiyo, lakini jina si yeye aliandika. Niliandika mimi, kwa Kifaransa muzuri, kwamba operateur alifungua console bila ruhusa na akaharibu njia ya sauti. Nikasaini. Nikaweka cachet, muhuri ya redio. Februari ilikuwa haijaisha wakati walimuambia arudi kwao.

Siku alikuja kuchukua kikombe yake, aliniuliza kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie: "Georgette, ni kweli ni mimi?"

Nilimujibu: "Tonton, ni nani mwingine alifungua?"

Alitikisa kichwa. Akaenda.

Sasa inafika yako. Ilikuwa mwezi ya tatu, kisha masomo, ulikuwa unafanya devoir kwenye ile ordinateur. Uliniambia mara ya kwanza kwamba kila wakati unasogeza souris ya ordinateur, kelele inasogea nayo. Nilikuambia uandike devoir yako. Uliniambia tena kwamba wakati unafungua dossier kubwa, mbu inaimba tofauti. Nilikuambia nyamaza. Halafu courant ikakatika. Console ilibakia kwenye batterie ya studio, ordinateur ikabakia kwenye batterie yake, na mbu akakufa. Kimya. Ulivua casque ya masikio ukanipatia. "Mama, sikiliza. Hakuna." Wakati courant ilirudi, ulichomeka chargeur: ziiii. Ukachomoa: kimya. Ukachomeka. Ukachomoa. Ukafuata ile waya na kidole yako mpaka kwenye fiche, ukaona pahali mguu ya tatu ilikatwa, ukauliza: "Ni nani alikata hii?"

Ulikuwa na miaka kumi na saba na ulieleza vizuri kupita kitabu. Uchafu ya chargeur ilikosa njia ya kushuka kwenye udongo, ikafuata câble ya USB, ikaingia kwenye console, ikaenda hewani mpaka Yanonge. Dakika kumi tu. Kitu yenye mimi sikuona miezi tatu, sababu kuiona ingekuwa kujiona.

Na mimi nilifanya nini? Nilikurushia casque. Haikukupata, ilipiga ukuta, lakini niliirusha. Nikakuambia: "Hiyo neno isitoke hapa ndani. Hata kwa Papa yako." Na kesho yake nikaanza kutoa chargeur kwa siri kila saa ya communiqué, ordinateur inatumia batterie yake, sauti inakuwa safi. Juma iliyofuata, kwenye réunion, Directeur alisimama akasema Mama Georgette ametuokoa, ametengeneza yenye muzee alikuwa ameharibu. Watu wote wakapiga makofi.

Nikasema merci.

Weye ulikuwa umekaa nyuma pale, kwenye benchi, na kitabu. Hukupiga makofi. Ndiyo siku hasira yangu juu yako ilianza. Kila wakati unaniangalia mezani, nilikuwa naona ule mutu mumoja mwenye hakupiga makofi. Nilikufokea juu ya chumvi, juu ya viatu, juu ya simu. Hukukosea na chumvi, Clarisse. Chumvi ilikuwa sawa siku zote.

Mwezi ya sita, ulirudi kutoka Kabondo na hukutaka kula. Nilikuuliza, nikauliza tena kwa nguvu, halafu ukaniambia ulipanda toleka, ile kinga, baiskeli ya kubeba watu, na mwenye alikuwa anaiendesha ni Tonton Asumani. Mutu wa miaka yake, na ile magoti yake, anakanyaga kinga kubeba watu na magunia kwenye jua. Ulisema alikataa pesa yako. Ulisema alikusalimia muzuri, na njiani alikuuliza kitu moja tu: kama ile kelele ilipona. Ukamujibu ilipona. Akafurahi, ukasema, akafurahi kweli. Halafu akauliza ilikuwa nini.

Uliniangalia ukasema: "Nilimuambia sijui. Nilisema vizuri, Mama? Ndivyo unataka?"

Nilikupiga kofi. Hii sikuandika kwa haraka, nimeiandika polepole ili niione. Nilikupiga sababu uliuliza swali yenye jibu yake ilikuwa ndiyo.

Nasikia misa imefika kwenye matoleo, niko bado na wakati.

Nataka kukuambia kitu moja juu ya kazi, na sitaki uichukue kama mahubiri, mahubiri iko inapita hewani sasa hivi na inatosha. Kule Kinshasa watakusemea yale yale walinisemea mimi. Labda kwa Lingala, labda kwa kucheka. Watangoja ukosee. Basi ukosee. Ukosee mbele yao, mchana, na useme: "Ni mimi nimekosea." Watacheka, na ile kicheko itakuuma siku mbili, na kisha siku mbili watapata kitu ingine ya kucheka, watu ndivyo wako. Mimi niliogopa kicheko ya siku mbili, nikala mutu muzima na miaka yake thelathini ya kazi. Na wale wanaume wenye nilikuwa naogopa, unajua? Wawili walishahamia Bunia, mumoja anauza mafuta ya groupe. Hakuna hata mumoja alikuwa anafikiri juu yangu.

Jana usiku sikulala juu ya ile "sijui" yako ya kwa Shangazi. Ulikuwa unaniogopa au ulikuwa unanichunga, sijui ni gani ilikuwa mbaya kupita. Unaenda kusomea électronique sababu ya ile siku, sababu masikio yako ilisikia kitu yenye chef technique hakusikia, na hiyo furaha yako nilikukataza hata kuitaja jina. Wengine wanapewa medali juu ya kitu kama hiyo. Weye ulipewa casque ya kurushiwa.

Donc leo alfajiri, weye ulikuwa bado unalala, nilikuja hapa studio nikafanya yenye nilikuwa nakataa miezi saba. Nilikata ile fiche yote, nikaweka ingine na miguu yake yote, nikavuta rallonge kutoka upande ya terre, kama Tonton alisema siku ya kwanza. Ilichukua muda wa kunywa chai. Nikachomeka chargeur, nikafunga USB, nikaweka casque. Hakuna kitu. Kimya kabisa. Nilitaka kuvunja ile ordinateur, Mungu anajua.

Halafu niliandika karatasi kwa comité ya redio. Ni fupi. Inasema mguu ya fiche ni mimi niliikata, kelele ilitoka kwenye chargeur ikapita kwenye câble ya USB, rapport ya mwezi ya pili ni ya uongo, na tangu mwezi ya tatu nilijua. Inasema mwenye alivumbua ni Clarisse, mutoto wangu, na mimi nilimufunga mudomo. Nikaichukua nikaenda kwenye pahali watu wa toleka wanangojea, pembeni ya soko.

Tonton alikuwa anaweka hewa kwenye pneu ya kinga yake. Nilimuita pembeni. Nilimusomea karatasi nikisimama, sikuweza kuisema bila kusoma. Alisikiliza, mukono moja juu ya kiti ya kinga. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa nayataka, sitakuficha. Kama angenitukana ningerudi nyumbani mwepesi.

Aliuliza: "Kwa hiyo si mimi niliharibu console?"

Nikasema: "Si weye, Tonton."

Akakaa kwenye ile jiwe ya pale. Aliniambia, polepole, kwamba yeye aliamini. Alisema ni yeye alinifundisha, anajua masikio yangu, kama mimi nimeandika ni mukono yake iliharibu, basi ni mukono yake. Fer yake alimupatia jirani. Mutu alimuletea redio ya kutengeneza, akaikataa, akasema mikono yake sasa inaharibu vitu ya watu. Hakuacha kazi sababu walimufukuza, Clarisse. Aliacha sababu alisadiki barua yangu. Miezi yote hii mimi nilifikiri ananichukia, na ile chuki nilikuwa nimeshazoea kuikalia. Alikuwa hanichukii. Alikuwa anajiona mutu mwenye hajui tena kazi.

Nikalia, ndiyo, pale mbele ya watu wa toleka. Yeye hakunibembeleza. Alingoja niishe, halafu akaniuliza: "Na mutoto, tangu lini anajua?"

Nikamuambia tangu siku ya kwanza, na siku ulipanda kinga yake ulikuwa unajua.

Alisimama. Akasema: "Ya kwangu tutaiongea, mimi ni mutu mukubwa. Ya mutoto, Georgette, sitakusamehe mbio."

Mama mumoja na gunia ya sombe akaita toleka. Akapanda, akaenda naye. Niliangalia mugongo yake mpaka ikapotea kwenye watu, na hapo ndipo hasira hii ilinishika, na mpaka sasa haijaniachilia. Nilimukasirikia hata yeye, kidogo, juu ya kusema kweli.

Comité inakaa kesho asubuhi. Wakati bateau yako itakuwa imeshatoka kwenye port, mimi nitakuwa nawasomea. Sijui kama watanifukuza. Nitaomba wamurudishe Tonton, na nitaomba isemwe hewani, saa ya communiqué, kwa Swahili na kwa Lingala, ili Yanonge nao wasikie. Labda watakataa, Directeur hapendi aibu ipite kwenye redio yake. Nitasema tena, na tena. Papa yako, wakati unasoma hii, atakuwa ameshajua, sababu nitamuambia leo kwenye chakula, mbele yako; hii barua nitakupatia kisha hapo. Nitakuomba usitoke mezani.

Ndani ya enveloppe hii kuna kopi ya ile karatasi. Ni yako. Muonyeshe Tantine Véro, muonyeshe mwalimu, bandika kwenye ukuta ya chumba kama unataka. Mutu akikuuliza nani alikupatia roho ya électronique, umujibu yote, na jina yangu ndani, na casque, na kofi. Mudomo yako ni yako. Haikuwa yangu hata siku moja.

Misa inaisha, nasikia wanaimba ya kutoka.

Kesho kwenye port Tantine ataimba, Shangazi atalia kama mutu amekufa, utanikumbatia, na utataka kunisemea kwenye sikio: "Mama, imekwisha, nimekusamehe." Nakujua, uko na roho muzuri, na bateau itakuwa inapiga honi. Usiniambie. Haijakwisha. Muzee wa miaka sitini amesema hawezi kunisamehe mbio juu yako, na weye una miaka kumi na nane. Nenda nayo. Soma, kula, kaa na watu. Kama siku moja msamaha inafika kweli, niandikie. Kama haifike, niandikie hivyo pia, maneno ile ile, bila sukari. Nitaisoma.

Mama yako,
Georgette